Usianze na aishiteru, kaka

Kaka umeuliza kama umwambie huyo binti wa Kijapani "aishiteru" ili ajue unampenda, mi nakwambia tulia kwanza, hilo neno zito mno, hata mtu na mkewe kule wengi hawaambiani hovyo. We sema "suki desu", yaani "nakupenda" ile nyepesi, humo hakuna neno la "mimi" wala "wewe", ila ataelewa tu. Halafu ongeza "tsukiatte kudasai", hapo ndo unamuomba muwe wapenzi rasmi, wanaita kokuhaku, bila hiyo mnaweza mkatoka mara tano akakuona mshkaji tu. Ile u ya suki usiikaze, inasikika kama "ski". Mkishazoeana "daisuki", yaani "nakupenda sana", inatosha. Ila akijibu "chotto...", yaani "kidogo...", akanyamaza, basi ndo umekataliwa kistaarabu hivyo.