Maswali ya Maktaba: Katuni Rafuni, Gundi Mgongoni

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: vitabu vya katuni vikishaingia maktabani, vishughulikiwe vipi? Msimamo wetu ni kwamba hivyo ni vitabu kama vingine. Viandikishwe kwenye daftari, vipigwe muhuri, viazimwe na virudishwe. Tofauti ni kwamba vinachoka upesi, kwa sababu vinasomwa kweli.

Shule yetu imepewa katoni ya vitabu vya katuni: vya Kimarekani, vya Kijapani na vya Kifaransa, vyote pamoja. Mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za masomo, unasema 741.5. Je, niviweke vyote hapo? – Mkutubi wa sekondari, Masaka

Namba hiyo ni sahihi. Ukiifuata hadi mwisho, katuni za Marekani zinakuwa 741.5973, za Japani 741.5952, na za Uganda 741.596761. Sasa jaribu kuandika tarakimu tisa kwenye mgongo wa albamu ya katuni ya kurasa 48 ambao haufiki unene wa milimita 5. Stika itakunjikia kwenye jalada, na watoto wataibandua kabla muhula haujafika katikati.

Namba kamili iache kwenye katalogi. Mgongoni andika mistari mitatu mifupi: KAT, kisha herufi tatu za mwanzo za jina la mfululizo, kisha namba ya juzuu. Mfano, juzuu ya 12 ya Naruto: KAT / NAR / 12. Namba ya juzuu iandike kubwa kuliko herufi, maana ndiyo anayoitafuta msomaji. Usipange kwa jina la mwandishi. Batman yupo tangu 1939 na ameandikwa na watu wengi mno. Ukifuata waandishi, mfululizo mmoja utatawanyika rafu nzima. Manga, yaani katuni za Kijapani, kwa kawaida ina mwandishi mmoja, kwa hiyo kupanga kwa jina la mfululizo hakukupotezei kitu.

Katuni zinazosimulia mambo ya kweli zipeleke kwenye somo lake. Maus, ya mauaji ya Wayahudi, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1992, inafaa zaidi kwenye historia, 940.53. Mwanafunzi wa S.5 (mwaka wa tano wa sekondari) anayetafuta Vita vya Pili vya Dunia hataenda kuichungulia kwenye katuni.

Halafu kuna ukubwa. Manga ni kama sentimita 13 kwa 19, gazeti la katuni la Kimarekani 17 kwa 26, albamu ya Kifaransa au Kibelgiji 22 kwa 29. Ukizichanganya, ndogo zinasukumwa nyuma ya kubwa na hazionekani tena. Manga iwe kwenye rafu ya kawaida. Albamu ziweke kwenye kasha la mbao, majalada yakitazama mbele, msomaji apekue kwa vidole. Magazeti membamba yenye pini yasimame kwenye boksi, na kila matoleo 15 hivi weka kipande cha katoni ngumu yasije yakapinda.

Juzuu ya kwanza hairudi. Zilizobaki zinakaa tu hakuna anayezitaka. – Maktaba ya jamii, Jinja

Mfululizo usio na namba 1 umekufa. Ukinunua, nunua nakala mbili za juzuu ya kwanza na moja moja za zinazofuata, kwa sababu wote wanaanzia mlango huo huo na wengi huishia hapo. Azimisha juzuu mbili kwa wakati mmoja kwa wiki moja. Ukitoa tano, mtoto mmoja anawafungia njia wenzake kumi.

Kabla ya kulipa, angalia mfululizo una juzuu ngapi. Naruto ina 72, na One Piece imepita 100 na bado inaendelea. Death Note ina 12, Demon Slayer 23, Fullmetal Alchemist 27. Kwa bajeti ya maktaba ya jamii, mfululizo mfupi uliokwisha una faida kuliko mrefu utakaokatikia juzuu ya saba. Na mfadhili akiuliza alete nini, mpe orodha ya namba zinazokosekana. Ukimwambia "chochote", atakuletea juzuu ya 34 peke yake.

Kurasa zinachomoka kama manyoya ya kuku. Tunatumia selotepu lakini inazidi kuharibu. – Mwalimu anayesimamia maktaba, Mbale

Selotepu iondoke maktabani kabisa, Mwalimu. Baada ya muda inageuka manjano, gundi yake inavuja na kunasa ukurasa wa jirani, na ukiibandua inaondoka na wino.

Kinachovunja vitabu hivi ni gundi ya moto ya kiwandani. Inazeeka na kuwa kavu, kisha msomaji anakikunja kitabu nyuma kwa nyuma akishike kwa mkono mmoja, na mgongo unapasuka katikati. Kwa hiyo kitabu kipya usikifungue kwa nguvu. Kisimamishe juu ya mgongo wake mezani, laza jalada la mbele na la nyuma, kisha laza kurasa chache kutoka mbele, chache kutoka nyuma, kwa zamu, ukibonyeza taratibu hadi ufike kati.

Ukurasa mmoja ukichomoka, kwangua mabaki ya gundi ya zamani. Kwa ncha ya kijiti cha meno paka gundi nyeupe ya PVA kwenye ukingo wa ndani tu, upana usiozidi milimita 2 au 3. Ingiza ukurasa hadi mwisho na ulinganishe juu na chini na wenzake. Weka kipande cha nailoni kila upande ili usigande na majirani, funga kitabu, kiwekee mzigo juu kwa saa 24. Wakati wa mvua acha siku mbili. Gundi ikizidi inatambaa hadi kwenye picha, na hapo utakuwa umebandika kurasa tatu kwa bei ya moja.

Kitabu kikigawanyika vipande, kazi ni kubwa kidogo. Toa jalada bila kulichana. Kwangua gundi yote mgongoni. Panga kurasa, zigonge mezani hadi zilingane, uzibane kati ya mbao mbili, mgongo ukichomoza kama sentimita 3. Zilaze upande mmoja zifunguke kidogo kama karata mkononi, paka gundi nyembamba. Zilaze upande wa pili, paka tena. Zikiwa wima, bandika juu yake kitambaa cha shashi, hata bendeji ya hospitali inafaa, kikipita ukingo sentimita 1 kila upande. Paka tena juu ya shashi, acha ikauke usiku kucha, ndipo urudishe jalada.

Gundi ya seremala ikikauka huwa ngumu na mgongo utapasuka upya. Tafuta PVA inayobaki laini. Mafundi wanaofunga vitabu Wandegeya na Nasser Road, Kampala, wanaijua, waulize wao.

Magazeti ya pini yana ugonjwa mwingine: pini zinashika kutu na kula karatasi. Zing'oe kwa kisu butu, kisha shona kwa uzi wa pamba, matundu matatu kwenye mkunjo. Sindano itoke nje kupitia tundu la kati ikianzia ndani, iingie kwa tundu la juu, ipite ndani hadi tundu la chini, itoke, irudi ndani kwa tundu la kati. Funga fundo juu ya ule uzi mrefu, ili usiteleze. Ukizoea, ni kazi ya dakika chache.

Wasomaji wanasema manga zetu zimechapwa kinyume. Tuzirudishe dukani? – Msaidizi wa maktaba, Fort Portal

La. Zinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kitabu kizima na kila ukurasa: anza kisanduku cha juu kulia, nenda kushoto, kisha shuka. Maputo ya maneno nayo ni hivyo hivyo. Bandika mshale mdogo kwenye jalada, maneno yasihitajike.

Lenye kukuhusu zaidi ni muhuri. Kwa mazoea mkono unafungua kitabu kutoka kushoto, na kwenye manga huo ni mwisho wa hadithi. Utamwonyesha kila mwazimaji picha ya mwisho kabla ya ya kwanza. Piga muhuri ukurasa wa jina, ambao kwenye manga uko upande wa kulia wa kitabu, na karatasi ya tarehe ibandike ndani ya jalada lililo upande huo huo. Usipige muhuri juu ya mchoro hata siku moja.

Mzazi amekuja na kitabu mkononi, amekasirika kwa sababu ya damu na vita. Nimekitoa rafuni. Nimefanya sawa? – Tororo

Umeharakisha, ndugu. Ukikitoa siku hiyo hiyo, kesho atakuja mwingine na kitabu kingine. Msikilize mzazi, mwombe aandike mambo matatu: jina la kitabu, ukurasa unaomsumbua, na angependa kifanyiwe nini. Wengi huishia kuomba mtoto wao asikiazime, na hilo unaliandika kwenye kadi ya mtoto, basi. Kitabu kibaki mahali pake hadi wewe na mtu mwingine mmoja mkisome chote.

Kwenye manga za kampuni ya Viz tazama alama ya umri: A ni ya wote, T kuanzia miaka 13, T+ kuanzia 16, M ni 18 na zaidi. Usiamini alama ya juzuu ya kwanza kwa mfululizo mzima. Hadithi hukua pamoja na wasomaji wake. Za T+ ziweke rafu ya juu yenye rangi yake, watoto wa P.6 (darasa la sita la msingi) wasizifikie bila kukuuliza. Tukiwa wakweli, mtoto huyo huyo huenda ameona makubwa zaidi kwenye kibanda cha video, na veejay, yule msimulizi wa filamu, akimtafsiria kwa Kiganda.

Kuna kimoja ambacho sisi wenyewe tungekitenga: hadithi ya Tintin, shujaa wa katuni za Kibelgiji, akiwa Kongo, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1930. Inamchora Mwafrika kwa dharau ya kikoloni. Hatusemi kichomwe. Kikae ofisini na mwalimu wa historia akichukue kwa S.5 na S.6, awaeleze nani alichora na kwa nini. Kwenye rafu ya watoto hakina kazi.

Walimu wangu wanasema katuni zinawafanya wanafunzi wavivu. Niwaambieje? – Mwalimu mkuu, Arua

Usibishane nao, Mwalimu mkuu. Wape kipindi kimoja. Nakili ukurasa mmoja wenye visanduku sita hivi, futa maneno yote kwenye maputo kwa rangi nyeupe, nakili tena, gawa karatasi moja kwa wanafunzi wawili. Wajaze maputo kwa Kiswahili, dakika 20. Watalazimika kujua nani anamwambia nani, kwa heshima au kwa hasira, na nini kilitokea kati ya kisanduku na kisanduku ambacho hakikuchorwa. Baraza la mawaziri la Uganda liliagiza mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, na vitabu vya mazungumzo ya kawaida ni vichache, hapa unajitengenezea. Nakala ziwe za darasani tu, jina la mchoraji libaki chini ya ukurasa, na zisiuzwe.

Je, kuna katuni za Kiswahili? Na nikitaka kutengeneza yangu? – Mwanafunzi wa S.3, Kasese

Zipo, tena za zamani. Kenya kulikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo. Tanzania ilikuwa na Chakubanga gazetini Uhuru, na baadaye Kingo wa James Gayo. Shujaaz ya Kenya, iliyoanza 2010, inachekesha na ina mambo ya maana, ila imeandikwa kwa Sheng, lugha ya mitaani ya vijana wa Kenya. Ifurahie, lakini usiipeleke kwenye mtihani.

Kutengeneza yako kunahitaji karatasi moja ya A4. Ikunje mara tatu, kila mara nusu, kisha ifungue: una vyumba nane, kila kimoja sentimita 7.4 kwa 10.5. Ikunje nusu kwa upana, na kwa mkasi kata kutoka kwenye mkunjo hadi katikati tu, usifike ukingoni. Ifungue, ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane. Imekuwa kijitabu cha kurasa nane, bila pini wala gundi. Andika namba za kurasa kwa penseli kikiwa kimekunjwa, kisha kifungue ndipo uchore, la sivyo nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini.

Tumia kalamu nyeusi. Wino wa bluu na penseli hufifia kwenye fotokopi. Acha milimita 5 bila mchoro kando zote, mashine haifiki huko. Andika maneno kwanza, chora puto baadaye. Anayeanza na puto hujikuta herufi za mwisho zimebanana. Herufi zisiwe chini ya milimita 3. Kikimaliza kunakiliwa, mpelekee mkutubi wako nakala mbili na umwombe akiandikishe kwenye daftari kama kitabu kingine chochote.

Maktaba yetu iko karibu na ziwa. Karatasi zinang'aa lakini zinanuka ukungu. – Entebbe

Karatasi ya kung'aa ina udongo mweupe juu yake. Ikilowa, kurasa zinagandana na hazitenganishwi tena, kwa hiyo zilizolowa zitenganishe zikiwa bado na maji, ukiweka karatasi nyeupe kati yake. Ukungu ukishaota, toa kitabu nje kwenye kivuli chenye upepo, kikauke kwanza, ndipo ufute kwa brashi laini kuelekea mbali nawe, ukiwa umefunga pua na mdomo. Ukifuta kikiwa kibichi unausambaza. Juani usikianike: jalada litapinda na rangi nyekundu itapauka kabla ya nyingine. Rafu zisogeze sentimita 10 kutoka ukuta wa nje, na usizijaze hadi vidole visipite.