Apple wakikuuliza kuhusu usimbaji fiche, jibu mwenyewe

Kijana wa Likoni kaniandikia juzi. Apu yake ya kupanga zamu za matatu iko tayari, ila akiipandisha kwenye App Store, duka la apu la Apple, wanamuuliza kama inatumia usimbaji fiche (kugeuza data isisomeke bila ufunguo), na anaogopa kujibu. Tulia, mdogo wangu. Apu yangu ya mawakala wa forodha imepita mwezi huu, na swali hilo nimelijibu mwenyewe.

Nasema mwenyewe kwa sababu kuna "mtaalamu" niliyemlipia kahawa Moi Avenue akaniambia sheria za Marekani hatuziwezi sisi, kisha akataja bei iliyonikausha mate. Bado inaniuma. Nikarudi Kibokoni, nikafungua maelezo ya Apple, nikayasoma mpaka adhana ya alfajiri. Kumbe Marekani ina sheria za kusafirisha usimbaji fiche nje, na seva za Apple ziko huko, kwa hiyo apu ikisambazwa kutoka huko inahesabiwa kuwa imesafirishwa nje ya Marekani, hata kama mwandishi yuko Kibokoni na mteja yuko Changamwe. Mtoto wa Kilindini ashindwe na hilo? Ni mzigo wa transiti tu!

Zamani woga ulikuwa na sababu. Hadi 1996 Marekani iliweka programu za usimbaji kwenye orodha ya silaha. Phil Zimmermann, aliyetoa PGP, programu ya kusimba barua pepe, mwaka 1991, alichunguzwa karibu miaka mitatu, na wakati huohuo msimbo wa programu hiyo ukachapwa kama kitabu, na kitabu kikavuka mipaka bila kuguswa. Vivinjari vya kuuzwa nje vilipewa funguo za biti 40, dhaifu makusudi. Mwaka 2000 kamba ikalegezwa sana.

Sasa, apu yako ikitumia HTTPS ya iOS tu, yaani mawasiliano salama ya mtandao yaliyomo tayari kwenye mfumo wa iPhone, imesamehewa. Fungua Info.plist, faili la maelezo ya apu yako, andika ITSAppUsesNonExemptEncryption, thamani yake NO, na hutaulizwa tena. Ukibeba maktaba yako ya usimbaji, yaani programu ya kusimba isiyotoka iOS, hapo soma zaidi: huenda ukadaiwa ripoti ya kila mwaka kwa Wizara ya Biashara ya Marekani, mwisho Februari 1. Na usijitungie usimbaji wako, maana usio wa kawaida hubanwa zaidi.

Vijana wa Pwani, someni! Kurasa ziko wazi, bure, na bado tunalipia watu watusomee. Zamu za matatu hazihitaji wakili. Dola 99 za Apple kila mwaka, ada ya mwandishi wa apu, ndizo sina dawa yake.