Jike amegoma kula: maswali yenu kuhusu samaki wanaoatamia mdomoni

Tangu niliposema hapa kwamba nafuga mbuna (samaki wa mawe wa Ziwa Malawi) na Tropheus (wa Ziwa Tanganyika) nyumbani, ujumbe haujakatika. Nimechukua maswali sita. Ya bei nimeyaacha, maana bei ya leo si ya kesho.

Jike wangu wa mbuna wa manjano ana siku ya nne hali kitu. Kidevu kimeshuka kama kimevimba. Dukani wamenipa dawa ya kuweka kwenye maji. Niiweke? (Tabata, Dar es Salaam)

Iweke kabatini kwanza. Vuta kiti, kaa mbele ya tangi dakika kumi bila kugongagonga kioo. Ukiona anatafunatafuna na hali hajala kitu, ngozi ya chini ya kidevu ikijaa na kushuka kama mtu anayesukutua baada ya mswaki, hongera, una mzazi. Anayageuza mayai mdomoni ili yapate hewa. Mwanga ukimpiga kwa upande unaweza hata kuona unjano wa mayai kupitia kwenye ngozi.

Samaki mgonjwa huvimba tumbo, si kidevu. Hujikunyata pembeni, hupumua mbiombio, na kinyesi chake huwa cheupe, kirefu kama uzi. Hapo ndipo tutaongea habari ya dawa.

Pengine hukuwaona wakijamiiana, kwa hiyo nikueleze. Dume hufagia mahali pake kwenye mchanga, wakazungukana. Jike hutaga mayai machache, hugeuka, huyadaka. Kisha analiona pezi la dume la chini, lile la karibu na mkia, lina madoa yanayofanana na mayai. Anayafuata kana kwamba kuna mengine hakuyaokota, na mbegu za dume zinamwingia mdomoni. Mayai hurutubishwa humohumo.

Maji yakiwa nyuzi 26 hivi, hesabu wiki tatu, siku mbili tatu zikizidi au kupungua. Atakonda na tumbo litaingia ndani. Mwache.

Wangu wanafika siku ya nne au ya tano, naamka asubuhi kidevu kimenywea. Ameyameza. Hii mara ya tatu. Na je, furu wetu wa ziwani nao huatamia hivi? (Mwanza)

Kama ni jike mchanga, usimhesabie makosa mara mbili tatu za mwanzo. Wengi hujifunza kwa kumeza. Akiwa mzoefu, nitakuuliza una madume wangapi. Dume mmoja na jike mmoja kwenye tangi dogo ni mateso. Jike anakimbizwa mchana kutwa, na samaki aliyeshtuka hutema au humeza. Weka majike watatu au wanne kwa dume mmoja, panga mawe yenye mianya ambayo dume mkubwa hawezi kupenya, na acha kumvua kila siku umchungulie mdomo. Pia mayai yasiyorutubishwa hamezi kwa ukatili, anaondoa uchafu.

Furu, ndiyo, huatamia mdomoni, na sato na ngege vilevile, kazi ikiwa ya jike. Huko Afrika Magharibi kuna perege ambaye dume ndiye anayebeba mayai. Furu alilindwa na mdomo wa mama miaka yote hiyo mpaka sangara alipopandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Yule alimeza mama pamoja na mzigo wake.

Nina Tropheus. Niliogopa atameza, nikamkamua, yaani nikamtoa vifaranga mdomoni, siku ya kumi. Vina macho na mikia lakini tumboni bado kuna mpira mkubwa wa kiini. Niokoe vipi? (Kigoma)

Uliwahi mno, ndugu yangu, na mimi nilishawahi hivyohivyo. Mara ya kwanza niliweka mayai kumi na moja kwenye chupa, nikafungulia pampu ya hewa yote. Yaliruka kama maharage yanayochemka. Asubuhi yalikuwa meupe, yana ukungu, nikayamwaga kwenye maua.

Fanya hivi: chukua kikombe cha plastiki, kata kitako, gundisha kipande cha chandarua safi kwa gundi ya silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, uiache ikauke kabisa. Kining'inize ndani ya tangi lilelile, maji ni yaleyale. Jiwe la hewa likae chini yake kidogo, povu likipita pembeni, maji yapande taratibu kupitia kwenye chandarua. Unataka vitikisike tu, visirushwe. Kinachogeuka cheupe kitoe siku hiyohiyo, maana ukungu huhamia kwa jirani. Usiwape chakula mpaka kiini kiishe; watakuchafulia maji bure.

Tropheus hutaga kidogo, pengine mayai matano, pengine kumi na kitu, lakini yai lake ni kubwa na hulibeba karibu wiki nne. Na tofauti na mbuna, mama huyu hula akiwa ameatamia, na watoto walioko mdomoni hula kile anachokiokota. Wanatoka wakubwa na wenye nguvu. Kikombe chako hakina huduma hiyo, kwa hiyo safari ijayo vumilia.

Ukilazimika kumkamua mbuna, ngoja siku ya kumi na nane kwenda mbele. Lowesha mikono. Mshike ndani ya ndoo yenye maji ya tangi, kichwa chini, fungua taya la chini polepole kwa ncha butu ya kijiti cha plastiki, msogeze mbele na nyuma maji yaingie mdomoni. Watamiminika wenyewe. Halafu mlishe mama peke yake siku kadhaa kabla ya kumrudisha. Akirudi mnyonge atapigwa.

Vifaranga wangu wanaogelea. Atemia (vijidudu vya maji ya chumvi vya kulishia vifaranga) sipati, niwape nini? (Nairobi)

Vifaranga wa mbuna si kama wa samaki wengine wadogo, wanazaliwa na mdomo mpana. Chakula cha kawaida cha vipande kisage kati ya vidole mpaka kiwe unga, kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku. Ute wa yai la kuku uliochemshwa na kiini chake waachie watoto wa binadamu, huo unaozesha maji kabla ya jioni. Badilisha maji kidogo kila siku, na filta iwe ya sponji. Ile nyingine itawanyonya.

Mbuna wangu wa aina nne wako tangi moja na wamezaana. Naweza kuuza? (Mombasa)

Uza, lakini mwambie mnunuzi ni machotara. Wasizalishwe kama aina halisi, na wasimwagwe mtoni wala ziwani hata kwa bahati mbaya.

Jike ametema watoto watatu, wana ndevu! Nina gogogo (wale samaki wenye ndevu) wa madoa tangi hilohilo. (Bujumbura)

Umepigwa changa la macho. Gogogo huyo wa Tanganyika hupita kwa kasi wakati jike anataga, anaachia mayai yake, jike anayazoa na ya kwake. Yanaanguliwa mapema, na hao watoto wanawala wenzao humohumo mdomoni. Mwaka 1986 mtafiti wa Kijapani alilieleza jambo hili kwenye jarida la Nature. Jina lake Tetsu Sato. Ndiyo, Sato, sikutanii.

Hao watatu wamekwisha kula ndugu zao wa kambo. Ukitaka vifaranga wa jike wako, hamisha gogogo wakubwa kabla hajataga tena.