Oili chafu ya gari: usiimwage, ipeleke hivi

Mkuu, umeuliza hizo lita 4 za oili chafu ulizotoa kwenye gari lako la Noah uzipeleke wapi hapa Dar. Tafadhali, usizimwage mtaroni. Nilipokuwa nimepanga, fundi wa jirani alikuwa anamwaga nyuma ya gereji yake. Masika ilipoingia, ndoo ya kisimani ikawa inapanda na utando wenye rangi kama upinde wa mvua. Wamama wanne walikuwa wanategemea kisima kile.

Iache ipoe kwanza, kisha uirudishe kwenye dumu lile lile la oili mpya na ufunge kifuniko vizuri. Usichanganye na petroli, maji ya rejeta wala oili ya breki, maana ikichanganyika kuisafisha upya ni shida. Filta nayo igeuze juu ya beseni usiku kucha, utashangaa kinachotoka.

Kisha nenda gereji kubwa au kituo cha mafuta kinachobadilisha oili, uwaulize wanamuuzia nani. Wengi wana pipa, na wanunuzi hupita kukusanya. Mnunuzi awe na kibali cha taka hatarishi. Ofisi za NEMC, baraza la taifa la mazingira, watakuelekeza. Oili ikishakusanywa husafishwa upya ikarudi kuwa kilainishi, au ikachomwa kwenye matanuri ya saruji.

Najua wengi tunapaka oili hii kwenye mbao kuzuia mchwa. Mimi nimeacha. Ina chembe za metali na kemikali za saratani, na watoto wanashika hizo mbao. Nawe ukiishika, vaa glavu.