Sullivan au O'Sullivan?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, babu yangu mzaa mama alikuwa baharia Mkatoliki kutoka Ayalandi, aliyeteremka Kilindini akiwa kijana na kufunga ndoa kanisani hapa Mombasa mwaka 1926. Alituachia jina la Sullivan na cheti cha ndoa kilichochakaa. Mjomba wangu anashikilia kwamba jina letu la haki ni O'Sullivan. Je, koo hizi ni mbili? Na nikitaka kujua kwao, nianzie wapi? Tena kuna nembo ya ukoo huo nimeiona ikiuzwa, niinunue? Msomaji, Ganjoni.

JIBU: Bibi, jina ni moja. Kwa Kiayalandi huandikwa Ó Súilleabháin, na hiyo Ó maana yake ni mjukuu au mzao, kama vile Mac ilivyo mwana. Ni karibu na "bin" yetu, isipokuwa wenzetu walilishika jina la babu mmoja wa zamani likawa la ukoo mzima, wala halibadiliki baba anapobadilika. Chini ya utawala wa Kiingereza, hasa katika karne ya 17 na ya 18, wengi waliiacha ile Ó, na baadhi wakairudisha mwishoni mwa karne ya 19, watu walipoanza kuifufua lugha yao. Ndiyo maana ndugu wa baba mmoja waweza kuandikwa namna mbili, na mjomba hana kosa, ila wewe pia huna.

Súil ni jicho. Wataalamu wangali wanabishana kama babu huyo wa kwanza alikuwa na jicho moja au macho meusi. Ukoo huu ulikaa kaunti ya Tipperary mpaka uvamizi wa Wanormani, wapiganaji waliotoka Uingereza, mwishoni mwa karne ya 12 ulipousukuma kusini-magharibi, kwenye kaunti za Cork na Kerry, ambako umejaa hata leo. Kwa hiyo jina peke yake halitakufikisha nyumbani kwa babu. Unalolihitaji ni jina la parokia.

Kichukue tena kile cheti, usome jina la baba yake, mashahidi na mahali alikotoka. Kama maandishi yamefifia, mwendee paroko wa kanisa walikofungia ndoa: tangu mwaka 1908 kanuni za Kanisa Katoliki humtaka anayefungisha ndoa kupeleka habari kwenye parokia alikobatizwa mhusika, basi huenda jina la parokia hiyo limo rejistani. Rejista za kule nyingine ni za Kilatini, kwa hiyo usishangae James akiitwa Jacobus.

Moto wa mwaka 1922 katika jengo la Four Courts, Dublin, palipohifadhiwa kumbukumbu za serikali, uliteketeza karibu sensa zote za 1821 hadi 1851. Kwa bahati, kwa babu yako huzihitaji hizo. Sensa za 1901 na 1911 zimesalimika, na Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi imeziweka kwenye intaneti bila malipo; huko utaona picha ya fomu yenyewe, mara nyingi yenye mwandiko wa mkuu wa kaya, pamoja na majina na umri wa watoto wake.

Nembo usinunue. Kwa desturi hutolewa kwa mtu na uzao wake, si kwa kila mwenye jina, na muuzaji hajamwuliza babu yako alikuwa wa nani.