Haikuwa bahati

Wewe unayesema Appalachian State waliifunga Michigan kwa bahati kwenye futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, nakukatalia kabisa. Tarehe 1 Septemba 2007 waliingia Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan, mbele ya watu zaidi ya 109,000, wakiwa mabingwa wa FCS, daraja lililo chini ya lile la Michigan, miaka miwili mfululizo. Michigan walishika nafasi ya 5 Marekani nzima. Hadi mapumziko wageni wanaongoza 28-17! Armanti Edwards, mrusha mpira wao (quarterback), aliwakimbiza mabeki wale wazito wa Michigan mpaka wakachoka. Na dakika mbili za mwisho (hapa ndipo hoja yako inapokufa) Appalachian State walizuia mikwaju ya Michigan ya kupiga golini mara mbili, wa pili mchezaji wao Corey Lynch akauzuia zikibaki sekunde chache. 34-32. Mara mbili, ndugu yangu!