Mbwa haniachi tangu nishike mimba

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote ni kitu kimoja, akina mama wajawazito na mbwa wao. Nimechagua tano, naomba ambaye yake haipo asome hizi, nyingi zinafanana.

SWALI: Daktari shikamoo. Nina mimba ya miezi minne, tunakaa Kimara mimi na mume wangu. Tuna mbwa dume anaitwa Simba, wa kienyeji, ana miaka mitatu. Zamani hata hanijali, mtu wake ni mume wangu. Kuna wiki akaanza tu kunifata kila ninapoenda, nikiingia chooni analala mlangoni, nikikaa kwenye mkeka anakuja kuninusa tumbo na samahani hata huku chini. Sikujua chochote, nimekuja kupima wiki mbili baadae ndo nikajua. Mama mkwe anasema mbwa ameona kitu, sio dalili nzuri. Jirani yeye anasema mbwa anajua mpaka jinsia ya mtoto. Alijuaje kabla yangu? Mama Kijacho, Kimara.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Kwanza mtoe wasiwasi mama mkwe kwa heshima zote, hapo hakuna mkosi wowote, ni pua tu. Mbwa ana vipokezi vya harufu vinavyoweza kufika milioni 300, mimi na wewe tuna kama milioni 6 hivi. Mimba ikishatunga homoni zinaanza kupanda siku za mwanzo mwanzo kabisa, kabla hata hujajua umepitiliza siku zako, na mwili ukibadilika ndani hata jasho lako halinuki vile vile. Na huko anakonusa unakoona aibu kusema ndo kuna tezi za jasho zenye harufu nzito ya mtu, kwa mbwa kunusa pale ni kama wewe kumwangalia mtu usoni, usimchukie.

Watu wakisikia hivi wanadhani tunawatungia. Chuo cha Queen's cha Belfast mwaka 2022 walichukua jasho na pumzi za watu kabla na baada ya kupewa hesabu ngumu za kichwa, mbwa wakaweza kutofautisha ipi ni ya mtu mwenye msongo kwa zaidi ya mara 90 katika kila 100. Mbwa wengine walifundishwa kunusa soksi za watoto wa Gambia kutambua nani ana vimelea vya malaria. Na hapa kwetu Morogoro kuna panya buku wananusa makohozi ya wagonjwa wa TB, na hao ni panya, sembuse mbwa.

Ila nikwambie ukweli, kwamba mbwa anaelewa humo ndani kuna mtoto, hilo halijathibitishwa, na jinsia ndo kabisa asikudanganye mtu. Simba anachojua ni kwamba wewe sio yule wa mwezi uliopita. Afu sio harufu peke yake. Jiulize, tangu kipindi kile unalala mchana, usiku unaamka kutapika, sabuni umebadilisha kwa sababu ile ya zamani inakutia kichefuchefu, unainuka taratibu umeshika kiuno. Mbwa hana kazi nyingine, kutwa nzima anatusoma sisi. Mimi mimba yangu ya pili nilikuwa na jike mmoja anaitwa Popi, alikuwa halali popote isipokuwa getini, akahamia mlango wa jikoni na kila nikiinuka kwenye kigoda anainuka na yeye, ananusa kiganja changu mara moja afu anarudi kulala. Alifanya hivyo mpaka siku naenda kujifungua, nikimkumbuka mpaka leo moyo unaniuma.

Sasa la kufanya. Asikurukie. Akirukia geuka umpe mgongo usiongee nae, miguu yote ikirudi chini ndo umshike kichwa, na nyumba nzima wafanye hivyo hivyo maana mmoja akimchekea mmerudi mwanzo. Kurukiwa sasa tumbo likiwa dogo hakuna neno sana ila miezi ya mwisho kishindo cha mbwa mzito sio cha kudharau, na ikitokea amekugonga tumboni ukasikia maumivu, ukaona damu au mtoto amepunguza kucheza nenda hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri kliniki ya tarehe. Na wale mnaoniandikia kwamba mbwa wenu hata habari hana, msinune, wapo wa hivyo wengi tu na wako salama.

SWALI: Dokta habari za kazi. Mke wangu ana miezi saba. Mbwa wetu jike analala nae kwenye kochi na mimi nikikaa karibu ananinguruma. Mimi ndo nilimnunua! Nimchape? Baba Mtarajiwa, Arusha.

JIBU: Usimchape kaka yangu, nakuomba. Kunguruma ni kuongea, anakwambia "hapo usisogee". Ukimchapa hatoacha kuona vibaya, ataacha kukuonya tu, siku nyingine anauma moja kwa moja na siku hiyo huenda aliyesogea ni mtoto wenu. Huyo mbwa amemfanya mama ndo mali yake, na dawa iko kwa mama zaidi kuliko kwako. Akinguruma tu, mama anyanyuke aondoke kimya kimya aende chumba kingine, kochi libaki tupu. Baada ya hapo kwenye kochi hapandi tena, mtandikieni gunia au blanketi lake pembeni na akilala pale ndo apate kipande cha nyama. Chakula kuanzia leo mpe wewe, iwe ugali na dagaa au chochote mnachompa, kutembezwa umtembeze wewe. Mpeleke pia kwa daktari wa mifugo amkague, sikio linalouma au jino bovu linafanya mbwa awe mkali na nyie mnadhani ni wivu. Kama ameshawahi kufika hatua ya kuuma, basi sio wa kubaki ndani, awe na banda lake lenye mlango na hilo lifanyike sasa hivi sio mtoto akishafika, maana akifungiwa nje siku ile ile mtoto anaingia ataona huyo mgeni ndo kamfukuza.

SWALI: Asalaam aleykum daktari. Nina mimba ya miezi mitano, tuna mbwa wa ulinzi uani. Wifi yangu anasema tumtoe, atanipa ugonjwa wa toxo mtoto azaliwe na matatizo. Na mambo ya najisi pia. Umm wa Tanga.

JIBU: Waaleykum salaam dada yangu. Wifi ana nia njema ila amemsingizia asiyehusika. Toxo, yaani toxoplasmosis, ni ugonjwa wa vimelea, inatoka kwenye kinyesi cha paka na kwenye nyama isiyoiva vizuri, pia mboga au matunda yasiyooshwa. Kwa hiyo mishikaki ya barabarani yenye wekundu ndani iache kwanza, na ukilima bustani vaa glavu. Mbwa wako nae ana ya kwake ya kuangalia, minyoo, hasa kama ni mdogo, apewe dawa ya minyoo na kinyesi chake azoe mtu mwingine. Halafu kubwa kuliko zote, kichaa cha mbwa. Chanjo ni kila mwaka, usikubali mwaka upite. Ikitokea mbwa yeyote amekuuma au kukuparua, wako au wa mtaani, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima afu kimbia hospitali kupata sindano. Nasisitiza hapa kwa sababu nimekuta akina mama wameogopa sindano kisa ni wajawazito, chanjo ile haimdhuru mtoto, ila kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Kuhusu najisi mimi sio shehe, muulize wa msikitini kwenu akuelekeze vizuri, ila mbwa wa ulinzi anayekaa uani na chombo chake mwenyewe sioni kwa upande wa afya kwa nini umtoe. Huyo wako mfunze tu asikuguse, mbwa anafundishika.

SWALI: Daktari, mimi na mbwa wangu tumeshika mimba pamoja ama? Mimi nina miezi sita, yeye hajawahi kukutana na dume lakini matiti yamejaa maziwa na amebeba slippers za watoto wa jirani anazilalia kwa kona. Mama Shiru, Nakuru.

JIBU: Pole mama Shiru, hakuigi. Hiyo ni mimba ya uongo, inawapata majike ambao hawajafungwa kizazi, wiki kama 6 hadi 9 hivi baada ya joto, yaani kipindi cha kutaka dume, homoni ya maziwa inapanda na mwili wake unaamini amezaa. Imegongana tu na yako. Usimkamue na usimkande matiti maana maziwa yatazidi kuja, na hizo slippers ziondoe kidogo kidogo akiwa ametoka kutembea, zisinyakuliwe mdomoni. Nyingi huisha zenyewe ndani ya wiki 2 au 3. Ukiona titi limekuwa gumu lina joto, au anatoka uchafu huku nyuma, anakunywa maji sana na hataki kula, usingoje hata kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo, titi au kizazi kinaweza kuwa na usaha, na usaha wa kizazi unaua.

SWALI: Najifungua mwezi ujao, mbwa wetu ni mpole. Siku ya kurudi nyumbani tufanyeje? Neema, Mbeya.

JIBU: Neema mwanangu, anzeni leo. Tafuteni sauti ya mtoto analia kwenye simu, mpigieni kwa chini kabisa huku anakula, kila siku mnaongeza kidogo. Kama chumba cha mtoto hataruhusiwa, kifungeni kuanzia sasa. Mtoto akishazaliwa, baba akirudi kutoka hospitali aje na kanga aliyofunikwa mtoto, amwache mbwa ainuse akiwa ametulia, asimsukumizie puani. Siku yenyewe mtoto abebwe na mtu mwingine, wewe ingia kwanza mikono mitupu umsalimie mbwa wako, amekukosa siku zote hizo. Baadae jioni, watu wakishapungua, mbwa akiwa na kamba, amnuse mtoto miguuni sio usoni. Akianza kujilamba lamba midomo, kupiga miayo au kugeuza kichwa na macho yanabaki kwa mtoto, amechoka huyo, mtoeni nje bila kumgombeza. Na mpole au sio mpole, asiachwe na mtoto peke yao chumbani, hata ile dakika moja ya kwenda kuepua chai, ama unambeba mtoto ama unatoka na mbwa.